Kisigino Kwanza

Charlotte alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, ungo wa ndakala mbele ya magoti, alipomwambia mume wake asogee.

"Sogeya kidogo, Papa Naomie. Uko unalowesha samaki."

"Minye?"

"Hapana, ni jirani. Weye! Angalia muguu yako."

Libérat, aliyekuwa akifanya mazoezi ya kutembea kutoka jikoni hadi kwenye migomba, akasimama na kuangalia. Kweli, kwenye kisigino cha kiatu chake cha kushoto maji yalikuwa yanatoka, membamba na safi. Yalipita chini ya ungo, yakashika njia ya kwenda kwenye migomba. Akainua mguu, yakakatika. Akaukanyaga tena, kisigino kwanza kama alivyofundishwa, yakarudi.

"Soksi yangu mupya," akasema.

Charlotte akakinga bakuli, akaonja. Yalikuwa maji ya baridi yenye ladha kidogo ya plastiki, kama maji yoyote ya robine, yaani ya bomba. Akaingia jikoni, akatoka na sufuria.

"Kanyaga tena. Niko natafuta maji ya bugali."

Libérat alikuwa mwamuzi wa mpira kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na avenue nzima ilimwita Arbitre, hata padri. Fahari yake haikuwa filimbi, maana filimbi kila mwenye mapafu anaweza kuipuliza. Fahari yake ilikuwa mwendo. Alijua kukimbia kinyumenyume uwanja mzima huku akiwatazama mabeki usoni, bila kujikwaa, na wapo watu wa Uvira waliolipa kiingilio ili waone hilo tu, kwa sababu mpira wenyewe ulikuwa mbovu. Kisha kiharusi kikampiga asubuhi moja alipokuwa anafunga mkanda wa suruali. Mdomo ulivutika upande, ukarudi. Mkono ulilala, ukaamka. Mguu wa kushoto ndio uliokataa. Ncha yake ilining'inia, ikaburuta vumbi, ikakwama kwenye kila jiwe, na mtu aliyejua kukimbia kinyumenyume akawa hodari wa kuanguka kwenda mbele.

Maneno nayo yalimkwama akikasirika. Kwa hiyo aliweka kadi zake mbili kwenye mfuko wa shati, ya njano na nyekundu, na aliyemuudhi alionyeshwa. Charlotte alikuwa amepata kadi za njano nyingi kuliko beki yeyote wa Uvira, na bado alikuwa uwanjani.

Aliyemtafutia dawa ya mguu ni Anne, yule dada wa mazoezi ya viungo ambaye watu wanamwita kine. Alimwambia anahitaji atele, yaani kipande cha plastiki ngumu kinachoshuka nyuma ya shavu la mguu, kinakunjia kisigino, kinaingia chini ya wayo ndani ya kiatu, na kuushika mguu usining'inie.

"Haitakuponyesha, papa," Anne alimwambia. "Itakushikia muguu tu, weye utatembea. Kisigino kwanza. Kisigino, halafu vidole. Kama unaanza na vidole, utabusu udongo."

Mtengenezaji alikuwa Cyprien, mwenye karakana ndogo nyuma ya soko. Plastiki yake ilikuwa inatoka Bujumbura, na wiki ile mpaka ulikuwa umefungwa. Cyprien akaenda sokoni, akanunua kipande cha bomba kubwa la maji, jeusi lenye mistari ya buluu. Akakipasua kwa urefu, akakilainisha katika tanuri la jirani yake mwoka mikate, akakibana juu ya mguu wa plasta aliokuwa ameuchonga kwa kipimo cha Libérat. Kifaa kilitoka kizuri. Kilinukia mkate kidogo.

Bomba lile watu wote wa avenue walilijua. Miaka michache nyuma lori lilileta mabomba kama hayo, yakalazwa kando ya barabara, yakabarikiwa na padri na mchungaji siku moja ili yasilete ubaguzi. Yalikuwa ya kuleta maji ya kunywa. Maji ya aina nyingine yalikuwepo mengi kwao Kavimvira. Ziwa lilikuwa limepanda hadi sebuleni mwa watu wa chini, na wabadilishaji wa pesa walikuwa wameinua meza zao juu ya matofali. Ya kunywa ndiyo yaliyokosekana. Watoto walikunywa ya ziwa, wakaharisha, wengine wakazikwa. Mabomba yalilala pale mpaka asubuhi moja yakawa hayapo. Bonaventure, Prezida wa Komite ya Maji ya avenue, alieleza kwamba mabomba yametangulia. Hakusema yametangulia wapi. Mwezi huohuo alijenga banda la nguruwe lililosimama juu ya nguzo nyeusi zenye mistari ya buluu.

Kipande kimoja kilikuwa kimezunguka sokoni na kurudi nyumbani. Kilikuwa kimetengenezwa kupitisha maji, na kilipopata pa kuegemea, kikaanza kazi.

Libérat hakuwa na haja ya maji. Alikuwa na haja ya kutembea, na haja hiyo ilikuwa na tarehe. Naomie, binti yake wa pekee, alikuwa ameposwa na Chance, kijana wa familia ya wakulima wa mpunga wa Katogota, na wakwe walikuwa wanajiandaa kuleta mahari. Katika ukoo wa Libérat, wanyama wa mahari wakishafika uani, baba wa binti huwazunguka kwa miguu yake, duara kamili, bila kushikwa mkono, akimgusa kila mnyama mgongoni. Akimaliza anasema, "Bimefika." Ndipo binti ameozwa. Baba akishindwa kuzunguka, anazunguka mjomba. Na mjomba aliyezunguka ndiye atakayekuwa msemaji wa binti tangu siku hiyo: ugomvi ukitokea ataitwa yeye, mtoto akizaliwa atatoa jina yeye, na baba atakaa kwenye kiti kama mgeni aliyewahi kufika.

Mjomba alikuwapo. Alikuwa Luc, kaka yake Charlotte, mtu mnene na mchangamfu aliyekula kwao kila Jumapili na kuomba chumvi kabla hajaonja. Luc alikuwa ameshanunua kofia.

"Si kwa ubaya, shemeji," alisema, akiigeuza kichwani. "Minye niko najitayarisha tu. Kama unaweza, utazunguka. Kama hauwezi, kofia iko."

Libérat akatafuta neno, neno likakwama. Akamwonyesha kadi ya njano.

Habari za kisigino zilifika kwa majirani kabla bugali haijaiva. Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Mapendo wa nyumba ya pili, na bidoni mbili tupu za kutekea maji.

"Yambo, Arbitre. Banasema uko na robine."

"Niko na atele."

"Ni vile vile. Bidoni naweka wapi?"

Bidoni haikufaa, mdomo wake ni mdogo na kisigino ni kinene. Wakajaribu beseni. Libérat alipokanyaga ndani ya beseni likajaa haraka, lakini mtu aliyesimama kwenye beseni moja hafanyi mazoezi, na yeye alikuwa ameapa kwamba hatasimama. Basi wanawake wakapanga mabeseni mstari mmoja, kutoka mlango wa jikoni hadi barabarani, naye akawa anatembea, mguu wa kulia pembeni, wa kushoto ndani ya beseni, wa kulia pembeni, wa kushoto ndani ya linalofuata. Kila beseni lilimlazimisha kuinua mguu juu ya ukingo. Asipouinua, lilipinduka, na mwenye beseni alimtukana.

Anne alipokuja na kuona, alikaa kwenye kigoda akatazama kwa muda.

"Nani amefundisha hii?"

"Kiu," akajibu Mama Mapendo.

"Ni mazuri sana. Mimi nilikuwa namupangia vijiti chini. Papa, goti juu! Kisigino! Usiangalie vidole!"

"Usiangalie bamama pia," akasema Charlotte.

Libérat akaendelea vizuri. Mwendo ulirudi kwake kidogo kidogo. Haukuwa ule wa uwanjani, lakini ulikuwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Watoto wa avenue waliacha kuharisha. Kilichojadiliwa kilikuwa foleni tu: nani amefika kwanza, na kwa nini Mama Mapendo ana mabeseni matatu wakati watu wa nyumbani mwake ni wawili. Libérat alikuwa na filimbi. Foleni ya Kavimvira haikuwahi kuwa na nidhamu namna ile. Jioni alianika soksi zake kwenye kamba na kuhesabu moyoni kwamba kofia ya Luc itaozea kichwani.

Bonaventure alifika na wajumbe wa komite, wote wamevaa koti. Alipewa glasi. Akanywa, akapangusa mdomo, akainama na kutazama mguu.

"Tiyo hii naijua," alisema. "Iko na mustari ya buluu. Ni mali ya mradi. Cyprien aliitosha wapi?"

"Sokoni," akasema Charlotte.

"Basi Cyprien ni mwizi. Tunaweza kumufunga hata leo."

"Na ule mwenye kuuzisha kwa soko?"

"Ule hatumujue bado. Ankete iko naendelea, tuko nauliza batu."

Kutoka upande wa banda la nguruwe ilisikika sauti ya nguruwe. Wajumbe wote wakatazama viatu vyao.

"Lakini sisi si batu babaya," Bonaventure akaendelea. "Cyprien tutamuacha. Muguu ni ya Arbitre, hatuikatale. Atele ni ya mradi. Kwa hiyo atele italala kwa komite. Asubui itafunguliwa, bamama bateke maji. Magaribi itafunguliwa tena. Kati ya hapo robine inapumuzika. Ni règlement, kila robine iko nayo."

Libérat akafungua kinywa. Lilitoka nusu ya neno, tena nusu ya mwisho. Akachomoa kadi ya njano, akaiinua juu kabisa, mkono umenyooka kama zamani.

"Napokea," akasema Bonaventure kwa heshima. "Junior, fungua kamba."

Junior, mpwa wake mwenye ndevu, aliyekuwa ameteuliwa mlinzi wa robine asubuhi ileile, akapiga magoti akaivua atele. Ikawekwa ndani ya sanduku la chuma lililopigiliwa kwenye ukuta wa Prezida, na kufuli juu. Libérat angekataa. Lakini Cyprien alikuwa na mke aliyejifungua juzi, na sanduku la chuma lilikuwa dogo kuliko gereza.

Tangu siku hiyo Libérat alitembea kwa masaa ya komite. Asubuhi na magharibi alikuwa mtu, kati ya hapo aliburuta. Anne alikuja juu.

"Atele inavaliwa siku muzima! Si kanzu ya misa!"

"Ambia komite," akajibu Libérat. Siku hiyo maneno yalitoka yote, kwa sababu alikuwa ameshachoka kukasirika.

Wakwe walifika Jumamosi mchana, masaa ambayo robine inapumzika. Walikuja na lori dogo, na ndani yake ng'ombe mmoja mwenye paji jeupe, mbuzi kadhaa, magunia ya mchele, na kreti za soda. Chance alikuwa amevaa tai. Msemaji wao alikuwa Venant, baba yake mdogo, mzee mrefu aliyesema polepole kama mtu anayepima shamba.

Tangu alfajiri Charlotte alikuwa amekwenda kwenye sanduku, ambalo siku hiyo halikufunguliwa. Junior alimwambia ufunguo uko na Prezida. Na Prezida yuko wapi? Amekwenda kupokea mgeni. Mgeni gani? Junior hakujua, ila alikuwa ameambiwa afagie.

Wanyama wakafungwa katikati ya ua. Venant akasema, "Baba mwenye nyumba, tumefika. Angalia kama bimefika."

Libérat akasimama. Naomie, ndani ya kitenge kipya, akashika mkono wa mama yake na kuuminya mpaka pete ikamwumiza. Libérat akapiga hatua ya kulia, akauvuta wa kushoto, akapiga ya kulia. Akafika kwa mbuzi wa kwanza, akamgusa. Mguu wa kushoto ulipovuka kamba ya ng'ombe, vidole vilishuka kama vilivyozoea, vikanasa. Akaanguka kwa magoti mbele ya ng'ombe. Ng'ombe akamnusa kichwani, akapumua.

Hakuna aliyecheka isipokuwa mbuzi mmoja.

"Shemeji," akasema Luc kwa upole, akiinyoosha kofia, "pumuzika. Minye niko hapa."

Akamwinua, akampeleka kwenye kiti. Na alikuwa amekwisha kuweka mkono juu ya mgongo wa mbuzi wa kwanza wakati Bonaventure alipoingia uani, wajumbe nyuma yake, na katikati yao mgeni kutoka kwa wafadhili, kijana mwenye kizibao cha mifuko mingi na kamera. Junior alibeba sinia iliyofunikwa kitambaa. Mjumbe mwingine alibeba utepe.

"Tunaomba musamaha kwa wageni wa Katogota," akasema Bonaventure. "Ni dakika moja tu. Tuko nakuya kuzindua maji ya avenue." Akainama sikioni mwa Libérat. "Papa, atele hii hapa. Utavaa, tutakata utepe, utasema neno moja tu kwa mugeni: mradi umeisha, mabomba yote iko mahali pake. Halafu zunguka ng'ombe yako mpaka ulewe. Kama hautaki, narudisha kwa sanduku."

Libérat akamtazama Luc, ambaye mkono wake ulikuwa bado juu ya mbuzi. Akamtazama Naomie. Akamtazama mgeni, ambaye alikuwa anasafisha kioo cha kamera kwa shati. Kisha akanyoosha mguu. Junior akafunga kamba za atele, akamvisha kiatu, akazungusha utepe kwenye kifundo cha mguu, na Bonaventure akaukata kwa mkasi wa kukatia nywele. Wajumbe wakapiga makofi.

"Neno," akasema Bonaventure.

Libérat alisimama. Maneno yalikwama yote pamoja. Akaingiza mkono mfukoni, akaipita ya njano, akatoa kadi nyekundu, akaiinua juu ya kichwa cha Prezida wa Komite ya Maji mbele ya wakwe, ng'ombe, mbuzi na mfadhili. Akapuliza filimbi, ndefu, ya kumtoa mtu nje. Kisha akaonyesha banda la nguruwe kwa kidole.

Avenue nzima ikageuka ikatazama nguzo nyeusi zenye mistari ya buluu. Mgeni naye akageuka, akapiga picha ya nguruwe. Ilikuwa picha nzuri.

"Kadi ile inasema nini?" akauliza.

"Ni desturi ya hapa," akasema Bonaventure. "Nyekundu ni asante kubwa. Anaonyesha kwamba hata wanyama watafaidika." Akaichukua kadi kutoka mkononi mwa Libérat, akaibusu, akaiweka mfukoni.

Lakini Libérat alikuwa ameshaondoka. Kisigino kwanza. Akamtoa Luc njiani kwa kumgusa begani, kama alivyowatoa mabeki, akaanza duara upya. Kila alipokanyaga maji yalitoka, yakatengeneza mfereji mdogo kuzunguka wanyama. Mbuzi waliokuwa wamesafiri toka Katogota juani wakainamisha vichwa na kunywa nyuma yake. Wanawake wa avenue hawakuvumilia. Mabeseni yalipita juu ya vichwa vya wakwe, yakapangwa, naye akayaingia moja baada ya jingine bila kulipindua hata moja. Akamgusa ng'ombe kwenye paji jeupe. Alipofika alipoanzia akasimama, soksi imelowa, suruali imelowa hadi gotini.

"Bimefika," akasema. Neno zima.

Venant wa Katogota akatazama mguu wake, akatazama mbuzi.

"Kwetu tunanunua maji ya mpunga," alisema. "Chance, umeoa vizuri."

Naomie akapiga kigelegele cha arusi yake mwenyewe, jambo lisilofanywa. Luc akavua kofia akaitumia kujipepea.

Jioni ileile Junior alikuja kuchukua atele.

Ripoti ya wafadhili ilitoka baada ya muda, na ilikuwa na picha. Ilisema avenue imepata maji na awamu ya kwanza imekamilika. Nguruwe walionekana kwenye ukurasa wa mifugo. Mabomba mengine yalibaki chini ya banda, na msimu wa mvua Bonaventure aliliongezea chumba. Mtaa wa juu nao ukaomba maji. Komite ikatangaza awamu ya pili: watu wote wenye umri mkubwa wafike kwenye ukuta wa Prezida, wapimwe tansiyo, yaani shinikizo la damu, bure.

Walifika wengi. Wenye tansiyo ya kawaida walirudishwa nyumbani bila maelezo. Wenye tansiyo ya juu, walio karibu na kiharusi, walipigiwa makofi. Anne, aliyekuwa ameitwa ashike mashine, aliuliza dawa zao ziko wapi.

"Dawa?" akasema Bonaventure. "Dada, unataka kuharibu mradi?"

Aliyepigiwa makofi marefu kuliko wote alikuwa Luc. Mashine ilipanda, ikasita, ikapanda tena, na wajumbe wakampa mkono mmoja mmoja. Walimwambia asiwe na haraka, na kwamba mguu wowote utafaa.

Jumapili alikuja kula kama kawaida, kofia kichwani. Charlotte alikuwa amepika samaki wa mukeke na sombe, majani ya muhogo. Libérat alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mguu wa kushoto ukining'inia chini ya meza, akingoja magharibi. Nje ya ua mabeseni ya majirani yalikuwa yameshapangwa, matupu.

Luc akautazama ule mguu kwa muda mrefu. Hakuwa ameonja bado.

"Dada," akasema, "nipatiye chumvi."

Libérat akachomoa kadi ya njano, iliyokuwa imebaki peke yake mfukoni, akaiweka mezani karibu na kopo la chumvi.

Luc akachukua chumvi.